Barua ya Wazi: Ufungueni Ukurasa wa Maseremala

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Kwa Mkurugenzi,
Kwa Mhifadhi Mkuu wa Nyaraka,
Wa jumba la makumbusho nililolitumikia kwa kujitolea miaka sita, California ya kusini.

MINTARAFU: SHAJARA YA PADRI JUAN CRESPÍ YA MWAKA 1769

Waheshimiwa,

Salamu kwenu nyote. Mnanifahamu. Mimi ndiye yule mama wa leso aliyekuwa akipokea wageni mlangoni kila Jumamosi na kuwatembeza hadi chumba cha mwisho, kile chenye ramani ya pwani. Nimewaandikia barua tatu kwa Kiingereza na moja kwa Kihispania. Ya kwanza mlinijibu kwamba imepokelewa. Ya pili nikaambiwa kwa simu kwamba jambo linaangaliwa. Mbili za mwisho hazijapata jibu, na mwezi huu unatimia wa kumi na tisa tangu nianze kuuliza. Mlango wa ofisi ukifungwa, mtu hana budi kusema barazani. Nasema kwa Kiswahili kwa sababu wageni wengi niliowaletea walikuwa Waswahili wenzangu, Wakongo na Wabajuni wanaoishi huku, nao wananiuliza kila siku kwa nini siwapeleki tena. Wana haki ya kupata jibu kwa lugha wanayoielewa. Nakala ya Kiingereza iko mezani kwenu, neno kwa neno.

Jina la jumba nimeliacha nje kwa kusudi. Sitaki kumwaibisha mtu. Nataka jambo litengenezwe.

Nianze na siku yenyewe. Mama mmoja wa Kichumash, kabila la wenyeji wa asili wa pwani hii, alikuja na mjukuu wake, mtoto wa miaka kama tisa hivi. Alimwambia kijana wa mapokezi, kwa adabu kabisa, kwamba angependa kuona picha za kurasa za shajara ya Crespí za tarehe 17 Agosti 1769. Akaambiwa alete barua kutoka chuo kikuu, aombe miadi, asubiri wiki sita, kisha alipie kila ukurasa. Alinyamaza kidogo. Akamshika mtoto mkono, wakaenda kusimama mbele ya ubao wetu wa maelezo. Akausoma wote, mpaka chini, halafu wakatoka.

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka hapo, na beji yenu kifuani. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekaa na kurasa hizohizo kwa dakika arobaini katika kile chumba cha chini, mashine ya mikrofilamu, ile filamu ya picha ndogondogo za kurasa, ikinguruma, kwa sababu tu nilikuwa mjitoleaji na mtunza funguo alinifungulia. Mimi niliyezaliwa Faza, Kisiwa cha Pate, niliziona. Yeye ambaye wazee wake ndio waliokuwa wakichonga mbao za chombo kinachoelezwa humo hakuziona. Tangu siku hiyo beji ile ilinielemea, na mwezi uliofuata niliirudisha.

Wasomaji wangu wengine huenda hawaijui habari hii, kwa hiyo waheshimiwa niwieni radhi nikiieleza.

Mwaka 1769 Uhispania iliogopa kwamba Warusi wangeshuka kutoka kaskazini na kuitwaa pwani ya California. Wahispania walikuwa wakiidai pwani ile tangu safari ya baharini ya Juan Rodríguez Cabrillo ya mwaka 1542, na ya Sebastián Vizcaíno ya mwaka 1602, lakini hawakuwa na hata kibanda kimoja juu yake. José de Gálvez, mkaguzi mkuu wa mfalme Carlos wa Tatu, akapanga msafara wa bahari na nchi kavu chini ya Gaspar de Portolá. Meli mbili zilifika San Diego, mabaharia wake wengi wakiwa wagonjwa na wengine wamekufa. Ya tatu, San José, ilipotea. Tarehe 14 Julai waliobaki na nguvu wakaondoka San Diego kwa miguu na kwa nyumbu kuitafuta bandari ya Monterey: askari wa makoti ya ngozi, wajitolea wa Kikatalani, wenyeji Wakristo kutoka Baja California waliofanya kazi ya kufyeka njia, mhandisi Miguel Costansó, na mapadri wawili Wafransiskani. Mmoja wa mapadri hao alikuwa Juan Crespí, mzaliwa wa Mallorca, umri wake miaka 48.

Crespí alikuwa mwandishi. Kila kambi aliandika: wametembea saa ngapi, ligi ngapi (kipimo chao cha umbali), maji yako wapi, nyasi zikoje, watu waliowapokea ni wangapi na wamewaletea chakula gani. Palipowezekana alipima jua ili kupata latitudo. Ni yeye aliyeandika matetemeko ya mwisho wa Julai kule kwenye mto ambao leo ni Santa Ana, na ni yeye aliyeupa mto wa Los Angeles jina la Bikira Maria wa Malaika, tarehe 2 Agosti. Walipita Monterey bila kuitambua, kwa sababu Vizcaíno alikuwa ameisifu kupita kiasi. Mwanzoni mwa Novemba wakaiona ghuba kubwa ya San Francisco bila kuitafuta. Wakarudi San Diego Januari 1770 wakila nyumbu wao.

Katikati ya safari hiyo, kwenye mlango wa bahari wa Santa Barbara, walipita miji ya Wachumash, mmoja baada ya mwingine. Tarehe 17 Agosti wakafika mji uliokuwa ukiunda chombo cha baharini. Crespí akauita San Roque. Askari wakauita la Carpintería, karakana ya maseremala, kwa kile walichokiona kwa macho yao. Jina la askari ndilo lililobaki, na mji wa Carpinteria uko hapo mpaka leo, lami nyeusi ikivuja ufukweni kama ilivyovuja siku ile.

Sasa niyaseme malalamiko yangu.

1. Maneno mliyoyaandika ukutani si ya mtu mliyemtaja.

Hili ndilo zito kuliko yote. Ubao wenu mkubwa una sentensi nne ndani ya alama za kunukuu, na chini yake jina la Crespí. Nilizilinganisha na picha mlizo nazo wenyewe kule chini. Mbili hazimo. Moja imo lakini imepunguzwa nusu. Ya nne inafuata maandishi ya Costansó, mhandisi, mtu mwingine kabisa, aliyetazama kwa jicho jingine.

Si siri jinsi ilivyotokea. Crespí aliandika rasimu njiani, kisha akaziandika upya kwa ajili ya wakubwa wake wa Chuo cha San Fernando, chuo cha wamisionari Wafransiskani, Mexico. Baadaye Francisco Palóu, mwenzake wa Mallorca, aliyesoma pamoja naye kwa mwalimu mmoja, Junípero Serra, alipokuwa akikusanya habari za California Mpya, aliiingiza shajara ile ndani ya kazi yake ikiwa imefupishwa na kuchanganywa. Simlaumu Palóu. Alikuwa na mengi ya kuhifadhi, na bila yeye tungepoteza mengi. Mwanahistoria Herbert Eugene Bolton alipotafsiri kwa Kiingereza mwaka 1927, maandishi ya njia hiyo ndiyo yaliyoenea, na kwa miongo mingi kila mwalimu na kila mchora vibao aliyachukua akidhani anamsikia Crespí. Kisha mwaka 2001 yakatoka maandishi ya asili, Kihispania na Kiingereza pamoja, kwa kazi ya Alan K. Brown aliyeyafuatilia kwa miaka mingi. Tangu hapo hakuna udhuru. Crespí wa asili ni mrefu zaidi, anarudiarudia, anasifu kila kijito, anachoka na uchovu wake unasomeka.

Ubao wenu uliwekwa miaka mingi baada ya 2001. Kitabu cha Brown kipo katika rafu yenu, nimekishika. Aliyeandika ubao hakukifungua.

Mtaniambia tofauti ni ndogo, mgeni hatazitambua. Waheshimiwa, kwa watu wengi wa pwani ile, siku hizo chache za Agosti ndiyo mara ya kwanza mji wao kuandikwa na mtu aliyesimama ndani yake, si aliyeuona kwa mbali kutoka melini. Kuna shahidi aliyekuwapo. Ushahidi wake haupunguzwi ili utoshe ubaoni, na wa mtu mwingine hautiwi kinywani mwake. Mahakamani hilo lina jina lake. Mimi ni mkalimani wa mahakama kwa riziki yangu, nalijua.

2. Picha za mswada zimefungiwa zisionwe na wenyewe.

Niliyokwisha kuyaeleza ya yule mama yanatosha kuonyesha ubaya wake. Nitajibu tu yale mnayoyasema kila mara.

Mnasema mswada ni dhaifu, mwanga utauharibu. Ni kweli, wino wa zamani wa chuma hula karatasi, na mwanga huila pia. Lakini hamna mswada. Mna picha zake, mikrofilamu iliyonunuliwa kabla sijafika nchi hii. Mwanga wa mashine yenu haumfikii Crespí.

Mnasema kuna hakimiliki. Crespí alifariki tarehe 1 Januari 1782 na amezikwa Carmel. Maneno yake hayana mwenye kuyadai kodi. Kama picha zilinunuliwa kwa masharti, basi waandikieni wenye mswada barua moja ya kuomba ruhusa. Niliwaandalia rasimu ya barua hiyo kwa Kihispania, nikaiambatisha kwenye barua yangu ya tatu. Ilihitaji sahihi moja tu.

Mnasema watu wa kawaida hawawezi kusoma mwandiko wa karne ya 18. Hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu nililiamini mwenyewe mpaka nilipokaa na kurasa zile. Ni kweli unapoziona mara ya kwanza ni kama nyayo za ndege kwenye matope. Herufi zimebanana, maneno yamekatwa kwa desturi ya wakati ule: «que» ni q tu yenye alama juu yake, «dicho» ni herufi tatu, majina ya watakatifu yamebaki herufi mbili. Wino wa upande wa pili umepenya ukavuruga mistari. Dakika kumi za kwanza nilisoma maneno matatu. Nikafanya kama alivyonifundisha bibi yangu kusoma tenzi za hati za Kiarabu, ambazo nazo huwezi kuzisoma mpaka umeijua sauti ya neno kabla ya kuliona: nikasoma kwa sauti. Neno moja likavuta la pili. Nilipolifikia lile neno «canoa», yaani mtumbwi, lilijitokeza lenyewe, kama mtu unayemjua katikati ya watu sokoni, na nikaweka kidole kwenye kioo cha mashine nikakaa hivyo. Mtoto wa miaka tisa angeweza kulitafuta neno hilo. Angelipata kabla yangu.

3. Mji hauna jina, na chombo hakina mafundi.

Ubao unasema «wenyeji walikuwa wakitengeneza mtumbwi». Mji ule uliitwa Mishopshnow. Watu wake ni Wachumash. Na chombo chao hakikuwa mtumbwi wa kuchimba gogo. Kilikuwa tomol, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana nazungumza juu ya kitu ninachokijua.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Faza. Yeye hakuushona mtepe, lakini baba yake aliushona. Mtepe ni chombo cha mbao kisichokuwa na msumari hata mmoja: mbao zimetobolewa kingoni, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, matundu yakazibwa, chombo kikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, tanga likawa la mkeka. Wareno walipofika Msumbiji mwaka 1498, mwandishi wa shajara ya safari ya Vasco da Gama aliona vyombo vikubwa visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba, akaandika. Shajara hiyo nayo ni mswada wa mkono. Asili yake imepotea, na nakala iliyobaki iko Porto. Najua basi ilivyo kuusikia mkono wa wazee wako ndani ya maandishi ya mgeni.

Mafundi wa Mishopshnow walichagua magogo yaliyoletwa na mawimbi, na bora kuliko yote ni ya miti mirefu ya kaskazini, ile ambayo padri huyuhuyu, tarehe 10 Oktoba, aliipa jina la palo colorado, mti mwekundu. Waliyapasua mbao, wakazilainisha kwa kusugua ngozi ya papa. Wakatoboa matundu, wakashona kwa kamba za nyuzi za mimea ya porini. Wakachemsha lami ya ufukweni pamoja na utomvu wa msonobari, mchanganyiko wanaouita yop, wakajaza kila mwanya na kila tundu. Sisi tulipaka mafuta ya papa, wao walisugua kwa ngozi yake. Pwani mbili ambazo hazikupata kujuana zililipata jibu moja kwa swali moja la maji na mbao. Nilipowaeleza hivyo watoto wa Jumamosi, mbele ya ubao wenu usiosema lolote kati ya haya, binti mmoja kutoka Uvira, ambaye wajomba zake ni wavuvi wa Ziwa Tanganyika, aliniuliza: «Bibi, huyo padri aliwauliza fundi anaitwa nani?»

Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kuwa sijaliona jina hilo ukutani.

Na msiseme kwamba mafundi hao wametoweka, kama inavyodokeza picha yenu ya mwisho yenye jua linalozama. Mwaka 1912 mzee Fernando Librado, Kitsepawit kwa jina lake la kwao, alimwonyesha mtaalamu wa lugha John P. Harrington jinsi tomol inavyoundwa, na Harrington akaandika kila hatua. Kutokana na maandishi hayo Wachumash waliunda tomol Helek mwaka 1976. Septemba 2001 tomol 'Elye'wun ilivuka kutoka bara hadi Limuw, kisiwa kinachoitwa Santa Cruz kwenye ramani zenu. Ni mwaka uleule maandishi ya Crespí ya asili yalipotoka. Chombo kilishavuka bahari. Ubao wenu bado uko pale ulipokuwa.

Mtasema, na mmoja wenu alishasema nikiwa nipo, kwamba mimi si mtu wa hapa. Ni kweli. Ndiyo maana siombi kuandika ubao huo mimi. Naomba waulizwe wenyewe.

4. Mabinti wawili wa tarehe 22 Julai.

Nitakuwa mfupi kwa sababu jambo lenyewe ni la huzuni. Siku hiyo, katika bonde linaloitwa Los Cristianitos hadi leo, Crespí na mwenzake Francisco Gómez walibatiza watoto wa kike wawili waliokuwa karibu kufa. Mmeliweka chini ya kichwa cha habari chenye neno «furaha». Kwa mapadri ilikuwa furaha, kwa imani yao, na sina ugomvi na imani ya mtu. Lakini kuna mama katika habari ile, aliyekuwa na mtoto mgonjwa mikononi mbele ya watu ambao lugha yao hakuijua. Kwa miaka sita nimewaona wageni wakipiga picha mbele ya neno lile huku wakitabasamu. Liondoeni.

5. Kutojibu.

Kuna watu wawili katika ofisi zenu wanaokubaliana nami. Waliniambia faraghani, na sitawataja. Mhifadhi aliyepita alikuwa ameshaanza orodha ya picha, ukurasa kwa ukurasa, kwa penseli, kwenye daftari la jalada la kijani. Daftari hilo liko kwenye kabati la chumba cha chini, droo ya pili. Hakuna anayeliendeleza. Nalitaja ili msije mkasema kazi ni kubwa mno ya kuanza. Ilishaanza.

Kuhusu pesa, najua hali yenu. Nimekaa milangoni, nimeona siku za mvua tukipata wageni saba. Lakini kubadilisha sentensi nne hakuhitaji mfadhili. Kuitoa mashine ya mikrofilamu kutoka chumba cha chini hadi maktaba ya juu ni kazi ya watu wawili na kitoroli. Kuondoa neno moja la kichwa cha habari ni kazi ya asubuhi moja. Lile la gharama, yaani kuziweka picha kwenye kompyuta na kuzitia katika tovuti, nimewaombea niwe mmoja wa watakaolifanya bure, na wanafunzi watatu wa Kihispania wa chuo cha karibu wameahidi jioni zao. Majina yao mnayo.

Kwa hiyo naomba haya, na nayaomba kwa tarehe.

Kwanza, katika siku thelathini, ubao wa nukuu uteremshwe. Urudi ukiwa na maneno ya Crespí kutoka maandishi yake mwenyewe, na ya Costansó yakiwa na jina la Costansó. Kama pana haja ya kutumia maandishi yaliyopitia kwa Palóu, semeni hivyo chini yake kwa mstari mmoja.

Pili, katika siku hizohizo thelathini, sharti la barua ya chuo kikuu liondolewe kwa yeyote anayetaka kuona picha, na ada ifutwe kwa Wachumash, Watongva, Wakumeyaay, Waohlone na watu wengine wote ambao miji yao imeandikwa ndani ya shajara hiyo. Wao si wageni katika kurasa zile.

Tatu, kabla ya Agosti 17 ijayo, kurasa za siku hiyo ziwekwe ukutani kwa ukubwa unaosomeka, na kando yake neno kwa neno kwa Kihispania cha kusomeka, Kiingereza, na lugha ya Kichumash kwa namna wenyewe watakavyoona inafaa. Waulizwe kwanza, kwa barua yenye sahihi ya Mwenyekiti, na walipwe kwa kazi hiyo kama mlivyomlipa aliyechora lile jua.

Nne, lile neno la Los Cristianitos litoke wiki hii.

Tano, nijibiwe kwa maandishi. Hata kama jibu ni hapana, naomba hapana yenye sababu, ili nijue pa kwenda tena.

Yule mama wa Kichumash niliwahi kukutana naye baadaye ufukweni Carpinteria, mjukuu wake akiwa amejipaka lami vidole vyote na anaogopa kugombezwa. Hakunitambua bila beji. Nilimwomba msamaha kwa niaba yangu mwenyewe, na nikamwambia nitaandika. Amenipa ruhusa ya kusimulia habari hii bila jina lake, na amesema akialikwa atakuja, pamoja na mtoto.

Chumba cha chini kina unyevu upande wa ukuta wa kaskazini. Mikrofilamu imewekwa upande huo. Tafadhali ihamisheni leo, hata kabla hamjamaliza kunikasirikia.

Wenu kwa heshima,

Aliyekuwa mjitoleaji wenu wa siku za Jumamosi,
mzaliwa wa Faza, mkazi wa pwani hii.